Msokoto wa Jostiki Umechakaa: Usafishe, Ubadilishe au Utie Sumaku?

Ndege ilikuwa imesimama. Injini imezimwa, breki ya kuegesha imevutwa, na bado usukani wa mkia ulikuwa ukipapatika kushoto, kulia, kushoto, kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa wiki mbili nilikuwa nimejilaumu bure. Mwanafunzi wa urubani hufundishwa mapema kwamba ndege ndogo yenye pangaboi moja puani huvuta kushoto inapoanza kupaa, na dawa yake ni kukanyaga pedali ya kulia. Basi kila mara simuleta ya kompyuta iliponitupa kwenye nyasi za kando ya barabara ya 14 pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, nilijiambia kiganja changu ndicho kizito. Nasema kiganja kwa sababu sina pedali. Jostiki yangu, kama nyingi za rika lake, huendesha usukani wa mkia kwa kusokota mpini.

Kiganja hakikuwa na kosa. Mkosaji alikuwa kipande cha kaboni kidogo kuliko sarafu, kilichojificha ndani ya mpini. Likabaki swali la mfuko: nikitengeneze, au ninunue jostiki nyingine? Nimeipiga hesabu hiyo kwa kila njia ninayoijua, na jibu halikuwa lile nililolitarajia. Kihisi cha sumaku, ambacho kila mtu hukutajia kama dawa, ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi hii. Fedha na muda huliwa na shughuli ya kukishikilia mahali pake.

Bei nitakazozitaja ni za makadirio, kwa sababu hupanda na kushuka na kila duka lina lake. Nimeigeuza dola kwa shilingi 130 za Kenya.

Tuanze na mgonjwa mwenyewe. Potenshomita ni ndugu wa kile kitufe cha kuongeza sauti kwenye redio. Ndani yake mna utepe wa kaboni uliopindwa kama kwato la farasi, na juu ya utepe kuna mguu mdogo wa chuma unaoteleza. Umeme huingia mwisho mmoja wa utepe na kutokea mwingine, na mguu huonja volti zilizopo pale uliposimama. Kompyuta husoma volti hizo na kuziita pembe. Ni ufundi mzuri na wa bei nafuu, ila una ila moja: kila kusoma ni kusugua. Potenshomita nyingi za kaboni za bei ya chini huandikiwa na watengenezaji maisha ya mizunguko kama 10,000 hadi 15,000. Kwa redio, huo ni umri wa mtu mzima. Kwa jostiki ya mtu anayejifunza kutua na upepo wa ubavu, si mrefu hivyo.

Lakini jambo linalonichekesha kila nikilifikiria ni hili. Potenshomita ya kawaida huzunguka nyuzi kama 300. Mpini wa jostiki husokotwa nyuzi 15 au 20 kila upande, tuseme 40 kwa jumla. Pale ambapo mpini umeunganishwa na potenshomita moja kwa moja, mguu wa chuma unasugua sehemu moja tu kati ya saba au nane za utepe. Sehemu nyingine zote zimekaa mpya kama zilivyotoka kiwandani. Na ndani ya kisehemu hicho, katikati kabisa, ndipo mkono unapopumzika na kutetemeka muda wote. Ndiyo maana jostiki iliyochakaa huharibika kwanza palepale unapotaka itulie.

Kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha ugonjwa ni huo. Kwenye Windows andika joy.cpl katika sehemu ya kutafutia, ufungue dirisha la kujaribia jostiki, kisha ushike mpini bila kuusokota na kutazama mhimili wa tatu. Halafu usokote polepole sana kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Alama ikiruka mahali palepale kila unapopita, utepe umelika. Ikiruka unapoitikisa shingo ya mpini bila kuisokota, zishuku nyaya. Nyaya za vitufe na za msokoto hupanda ndani ya shingo hiyohiyo inayozunguka, na waya unaopindwa kila siku hukatika ndani ya ganda lake huku kwa nje ukionekana mzima. Huo ni ugonjwa wa dakika kumi na risasi kidogo ya kuchomelea. Namjua mtu aliyeagiza kihisi kutoka China, akangoja zaidi ya mwezi, akafungua mpini, akakuta waya umekatika.

Mafundi wa redio wa zamani wana chombo bora zaidi kwa kazi hii: mita ya mshale. Mita ya tarakimu husoma mara chache tu kwa sekunde na makosa mafupi huipita. Mshale hushtuka. Ukiuona ukipanda taratibu, kisha ukaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, huhitaji kuambiwa zaidi.

Sasa machaguo. La bure kabisa ni kuiambia programu isisikie. Microsoft Flight Simulator na X-Plane zote hukuruhusu kuweka ukanda kiziwi katikati ya mhimili, yaani eneo ambalo mtikisiko wowote hauhesabiwi. Kwa mchezaji wa Jumamosi, hiyo yatosha, na sioni kwa nini atumie hata senti moja. Kwa anayejifunza kuiweka pua ya ndege katikati ya mstari mweupe, ukanda kiziwi ni usumbufu: unasokota, hakuna kitu, unasokota zaidi, ndege inaruka pembeni. Pia kuna msaada wa usukani wa mkia, ambapo simuleta yenyewe inakukanyagia pedali. Huo ni mzuri kwa mtoto anayetaka kuona mji kutoka juu. Kwa mwanafunzi anayelipia saa za ndege halisi ni hasara, kwa sababu unaifundisha miguu yake kulala.

Chaguo la pili ni kusafisha. Mkebe wa dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti ni dola 5 hadi 8, yaani shilingi 650 hadi 1,040, na hutumika kwa kazi nyingi za nyumbani. Puliza kidogo kwenye upenyo wa potenshomita, zungusha mara ishirini au thelathini, acha ikauke. WD-40 ya kawaida iache kwenye bawaba za mlango. Inaacha mafuta, na mafuta hukusanya vumbi la kaboni. Usafishaji huleta faraja ya haraka na inayodanganya. Ule mtikisiko unapotea, unafurahi, kisha baada ya wiki kadhaa unarudi, kwa kuwa dawa imeondoa unga wa kaboni lakini haikurudisha kaboni iliyolika. Mimi nilisafisha mara mbili. Mara ya pili faraja ilikuwa fupi kuliko ya kwanza.

La tatu halizungumzwi sana, nami nalipenda kuliko yote kwa sababu ni la bure na lina akili. Kumbuka zile sehemu za utepe ambazo hazijaguswa. Kama potenshomita yako imeshikwa na nati au skrubu unayoweza kuilegeza, igeuze mwili wake nyuzi 50 hivi huku mhimili ukibaki ulipo, kisha uikaze tena. Mguu wa chuma sasa unatembea kwenye kaboni bikira. Kasoro yake ni kwamba katikati ya mpini si katikati ya potenshomita tena, kwa hiyo lazima usawazishe upya kwenye joy.cpl. Zipo jostiki ambazo ubao wake hukubali, na zipo ambazo zimeshikilia kwamba katikati ni nusu ya volti na si vinginevyo. Utajua kwa kujaribu. Ikikubali, umejinunulia maisha ya pili bila kufungua pochi.

Kubadilisha potenshomita kwa nyingine ya aina ileile kunaonekana njia ya kawaida kabisa, na kama spea inapatikana, ni kazi ya nusu saa. Soma maandishi ya mgongoni: B103, kwa mfano, ni omu 10,000 zinazopanda kwa usawa, ndiyo unayoitaka. Herufi A kwa kawaida ni ya sauti, inapanda kwa mkunjo, na ukiiweka kwenye jostiki utapata usukani mkali upande mmoja na mzito upande wa pili. Bei ya kifaa chenyewe haizidi dola moja au mbili. Tatizo ni umbo. Potenshomita za jostiki nyingi zina mhimili mfupi wenye mkato wa D, au miguu iliyokaa kwa namna ya pekee, na zile zinazouzwa kwenye maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, ni za redio na amplifaya. Fundi ataifailia hadi iingie. Nimeona zilizoingia vizuri na zilizoingia upogo, na iliyoingia upogo hulika haraka kuliko ya kwanza.

Sasa tufike kwenye sumaku.

Mwaka 1879 Edwin Hall, mwanafizikia wa Marekani, aliona kwamba umeme unaopita kwenye bamba jembamba husukumwa pembeni sumaku ikiwa karibu, na volti ndogo hutokea ubavuni mwa bamba. Kihisi cha leo ni bamba hilo, limepunguzwa likawa dogo kuliko punje ya mchele na kuunganishwa na kikuza sauti chake, kama mafundi wa redio wangesema. Unaweka sumaku kwenye sehemu inayozunguka, kihisi kwenye sehemu iliyosimama, na katikati yao hewa tupu. Hakuna kinachosugua, kwa hiyo hakuna kinacholika. Si jambo geni kwenye michezo: kidhibiti cha Sega Dreamcast, kilichotoka Japani mwaka 1998, kilikuwa na vihisi vya namna hii kwenye kijiti chake. Hata jostiki ya Thrustmaster T.16000M ina sumaku kwenye mihimili yake miwili mikuu, lakini msokoto wake uliachiwa potenshomita. Hapo ndipo wazo la kuukamilisha kwa mkono wako linapoanza kukuwasha.

Kwa mtengenezaji wa nyumbani kuna njia mbili, na zinatofautiana zaidi ya bei inavyoonyesha. Ya kwanza ni kihisi cha miguu mitatu, SS49E au ndugu zake. Bei yake ni chini ya dola moja, na ukinunua kumi kwa pamoja utalipa dola 2 au 3. Waya wa umeme, waya wa ardhi, waya wa jibu: ni nyaya tatu zilezile za potenshomita. Sumaku ikiwa haijaelekea kihisi, kinatoa nusu ya volti unazokipa. Ukisokota upande mmoja zinapanda, upande wa pili zinashuka. Jibu lake hufuata mkunjo wa saini ya trigonometria, lakini ndani ya nyuzi 20 kila upande mkunjo huo unatofautiana na mstari ulionyooka kwa asilimia 2 tu. Kiganja chako hakitaona.

Udhaifu wake ni kwamba hupima nguvu ya sumaku, hakipimi pembe. Sumaku ikisogea nusu milimita karibu, jibu linabadilika hata kama hukusokota. Kwenye mpini wa plastiki unaocheza, nusu milimita si kitu. Kwa hiyo kihisi cha senti kadhaa kinakudai ushikilizi wa kifahari.

Njia ya pili ni chipu ya AS5600 ya kampuni ya ams ya Austria, inayouzwa ikiwa tayari kwenye kibao kidogo pamoja na sumaku yake kwa dola 2 hadi 4, shilingi 260 hadi 520. Hii hulinganisha nguvu za sumaku kutoka pande mbalimbali na kukokotoa pembe yenyewe, ikiugawa mzunguko mzima katika hatua 4,096. Mwanya ukibadilika kidogo haijali. Kwa msokoto wa jostiki iliyokwisha kuzeeka, ningetoa hizo dola mbili za ziada bila kufikiri mara ya pili.

Ila ina mitego yake, nami niliingia kwenye miwili. Sumaku yake lazima iwe na ncha zake ubavuni, kaskazini upande mmoja wa sahani na kusini upande wa pili. Sumaku za sahani zinazouzwa kila mahali zina kaskazini juu na kusini chini, na hizo, hata uzizungushe mpaka kesho, kwa chipu hii zimesimama. Nilipoteza jioni nzima na sumaku niliyoing'oa kwenye kifuniko cha simu. Jaribio ni rahisi: chukua mbili za aina moja uzipange kama sarafu, kisha uzungushe ya juu. Ikizunguka bila kupinga, siyo. Ikikataa na kutaka kurudi ilipokuwa, hiyo ndiyo.

Mtego wa pili ni mahali pa sifuri. Chipu huhesabu kutoka 0 hadi mwisho wa mzunguko, kisha hurudi 0 ghafla. Ukiibandika sumaku bila kutazama, unaweza kujikuta mpaka huo umeangukia katikati ya msokoto wako, na ndege inayokwenda sawa inageuka kulia kabisa kwa kupumua tu. Geuza sumaku robo mzunguko kabla gundi haijakauka. Kuna pia suala la upana. Chipu ambayo haijaelekezwa hutandaza volti zake kwenye nyuzi 360, wewe unatumia 40, kwa hiyo unapata kama asilimia 11 tu ya uwezo wake. Hiyo si mbali sana na potenshomita uliyoitoa, na kusawazisha kwenye kompyuta kutaivuta. Lakini unaweza kuielekeza itandaze volti zote ndani ya nyuzi zako chache, mradi zisipungue 18, kwa kutumia Arduino, kibao kidogo cha kompyuta unachokiwekea programu. Fanya majaribio kwanza bila kuchoma mpangilio ndani ya chipu. Kuchoma pembe ya mwanzo na ya mwisho kunaruhusiwa mara tatu tu, na kuchoma mipangilio mingine mara moja.

Pima pia volti unazotoa kwenye jostiki kabla hujaunganisha kitu. Baadhi ya vibao hivi vimepangwa kwa volti 3.3, na jostiki yako huenda ikatoa 5. Na chomelea nyaya kwanza, sumaku baadaye: sumaku za neodimiamu za kawaida huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi joto 80, na ncha ya pasi ya kuchomelea iko zaidi ya 300.

Ubao wa jostiki ukikataa kihisi kipya, kuna njia ya pembeni. Kibao cha Pro Micro cha aina ya Arduino, dola 5 hadi 8, kikiwekewa programu hujitambulisha kwa kompyuta kama jostiki nyingine yenye mhimili mmoja. Simuleta za leo hukubali vifaa viwili kwa pamoja bila malalamiko. Michezo ya zamani mingine hukubali kimoja tu.

Sasa jumlisha. Kibao na sumaku, tuseme shilingi 400. Gundi ya Araldite, nyaya na vipande vya plastiki, 400 nyingine. Ukiwa na pasi yako na subira yako, umemaliza kwa 800. Ukimpa fundi, weka ujira wake mahali pa huu wa mfano: 1,500. Unafika 2,300, na hiyo ni ikiwa fundi amekubali. Mafundi wengi wa simu hawatakubali, na siwalaumu. Kubadilisha skrini ni kazi inayojulikana mwanzo na mwisho wake. Hii ni kazi ya kukata, kubandika, kupima, kubandua na kubandika tena, na mteja anasimama mlangoni akiuliza kama imekwisha.

Ndiyo maana nasema kihisi si gharama. Gharama ni kile kijiti kinachobeba sumaku na kile kitanda kinachobeba chipu. Vyote viwili lazima vikae kwenye mstari mmoja na mhimili wa msokoto, na mwanya kati yao usipite milimita 3. Njia bora niliyoipata ni kuitumia potenshomita yenyewe: unaifungua, unautoa utepe wa kaboni na mguu wa chuma, unabakiza mwili na mhimili wake, kisha unabandika sumaku kwenye kitako cha mhimili na chipu nyuma yake. Kiwanda kimekwisha kukufanyia kazi ya kunyoosha mstari. Mwenye rafiki mwenye printa ya 3D anaweza kuchapa kishikilizi kipya, lakini mara nyingi kinachapwa mara tatu kabla hakijakaa.

Na kuna jambo ambalo wauzaji wa vihisi hawalitaji. Potenshomita, pamoja na kusoma pembe, ilikuwa ikiukaza mpini kidogo kwa msuguano wake na grisi yake. Ukiiondoa, mpini unakuwa mwepesi, na kila ulegevu wa plastiki na springi unaonekana wazi, kwa sababu kihisi kipya hakisahau kitu. Mpini uliokuwa ukirudi karibu na katikati sasa unaonekana ukirudi mahali tofauti kila mara. Grisi nzito kidogo kwenye shingo husaidia. Springi iliyolegea haisaidiwi na grisi.

Tuweke hesabu hii kando ya dukani. Logitech Extreme 3D Pro, ambayo nayo ina potenshomita kwenye msokoto, ni kama dola 40: shilingi 5,200, na ukiongeza VAT ya asilimia 16 unafika 6,032 kabla ya usafiri. T.16000M iko kati ya dola 60 na 80. Kwa 70 ni shilingi 9,100, na VAT 10,556. Ukinunua mojawapo ya hizi kwa sababu msokoto wa ya zamani umekufa, umenunua kaboni mpya ya kusugua, na saa yake imeanza kuhesabu siku ulipoifungua kwenye boksi. Kwa mchezaji wa mara chache hilo halina neno, kwa kuwa pamoja na kaboni amepata pia vitufe vipya, springi mpya na warantii.

Juu ya hizo kuna jostiki ambazo msokoto wake hauguswi na kitu tangu kiwandani, kama VKB Gladiator NXT EVO, kwa dola 120 hadi 170 kulingana na toleo. Kwa 150 ni shilingi 19,500, na VAT 22,620, kisha usafiri, kwa kuwa huenda ukaagiza kutoka nje. Ni ghali, lakini hapo unachonunua hasa ni mpini usiocheza, kile kitanda na kile kijiti nilivyovisema juu, vilivyotengenezwa na watu wenye mashine.

Halafu pedali. Pedali za bei ya kuanzia, kama TFRP za Thrustmaster, huuzwa dola 100 hadi 140, shilingi 13,000 hadi 18,200 kabla ya kodi. Anayelipia masomo ya urubani na kuja nyumbani kurudia zoezi, hapa ndipo ningemwelekeza, hata kama msokoto wake ni mzima. Kwenye Cessna 172 hakuna mpini wa kusokota. Kila saa anayotumia kusokota mkono anaufundisha mkono kazi ya mguu, na saa moja ya ndege halisi itakayopotea kwa kulifuta zoea hilo itakuwa imekula fedha nyingi kuliko kihisi chochote. Mchezaji wa ndege za vita au vyombo vya angani, ambaye meza yake haina nafasi ya chini na anapenda kila kitu mkononi, yeye msokoto ni mali yake, na sumaku inamfaa.

Jostiki ambayo bado ina warantii usiifungue kabisa. Peleka risiti. Ya dola 40 iliyotumika miaka mingi, geuza potenshomita au isafishe, na ikikataa, inunulie mrithi. Sumaku naiwekea jostiki ambayo kila kitu kingine ndani yake ni kizima: mihimili mikuu safi, shingo imara, springi inayorudi mahali pamoja. Kwa hiyo kwa 800 na wikendi moja unapata kitu cha karibu na kile kinachouzwa 22,000. Karibu, sio sawa.

Yangu ilifaulu, kwa sumaku ya pili na jioni ya tatu. Jirani aliposikia akaniletea ya kwake, akiwa tayari ameshanunua kibao cha AS5600 na kukifunga vizuri kwenye karatasi. Nikaishika kitako kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, nikautikisa bila kuusokota. Ukasema kaka-kaka, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Nilimrudishia jostiki pamoja na skrubu zake zote nane, na kile kibao nikamwambia akitunze.